Sahani Ambazo Hazikurudi

Arobaini ya mama ilipomalizika na majamvi kukunjwa, mama mdogo Somoe aliniita jikoni. Mwanamume haingii ovyo jikoni kwa watu, lakini kwa umri nilionao, na kwa magoti yangu haya, hakuna tena anayeona haja ya kunifukuza. Vyombo vya mama vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka vikisubiri kugawiwa: sufuria mbili, mbuzi ya kukunia nazi, bakuli la mti lenye ufa, vibuyu, na sahani kadhaa za bati. Mama mdogo alichomoa sahani moja nyeupe yenye ua jekundu katikati, akaipangusa kwa upindo wa khanga yake, akaniwekea mapajani. "Hii usimpe ntu, Hamisi," alisema. "Hii ndiyo iliyotangulia." Hakuhitaji kunieleza ilitangulia wapi. Wenzangu nilioingia nao jandoni, wale wachache waliobaki, hadi leo tukikutana sokoni Mtwara huniita Marehemu. Nami huitikia. Huniuliza kama ahera wanakula ugali wa muhogo au wa mahindi, tunacheka, tunaagana. Nimecheka nao zaidi ya miaka hamsini. Siku ile jikoni sikucheka, kwa sababu sahani iliurudisha mwaka wote kama ulivyokuwa, na mwaka ule kitu nilichokuwa nacho kwa wingi kuliko chakula ni hofu.

Ilikuwa katika miaka ya sitini, mwishoni mwishoni. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita, na siku nyingine tukiwa shambani tulisikia mishindo upande ule, wakubwa wakanyamaza kidogo, kisha wakaendelea kuvuna. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mpunga ulipokwisha kuingizwa ndani, wazee wetu wa Mahurunga walitupeleka kumbini, wavulana kumi na wanne. Kumbi ilikuwa kibanda kirefu cha miti na majani, porini, mbali na nyumba za watu, hakina dirisha hata moja. Tulilala kwa mstari, miguu ikielekea moto ambao haukuzimwa, na mchana kutwa mlikuwa na harufu ya moshi, jasho na majani ya dawa. Habari ya kutahiriwa sitaisimulia. Ngariba alikuwa na mkono mwepesi na kidonda changu kilipona mapema kuliko cha wengi. Kilichotutia woga ni yale tuliyofundishwa baadaye. Mwanamke asimwone mwari, yaani yeyote kati yetu tuliokuwa kumbini, wala asisikie sauti yake. Mwanamke akimwona mwari, au mwari akimwangalia mwanamke, mwari hufa. Mama akisikia sauti ya mwanawe kabla hajatoka, mama ndiye anayekufa. Tuliambiwa hayo asubuhi na jioni, kwa nyimbo na kwa fimbo, na tuliyaamini kama tulivyoamini kwamba moto unaunguza.

Habari za mama zetu tulizipata kwa njia moja tu, nayo ni chakula. Kila siku kabla ya adhuhuri kila mama aliweka sahani ya mwanawe njia panda, ugali na kisamvu kisichotiwa chumvi, kisha akaondoka bila kugeuka. Wanaume walizichukua, nasi tukala. Jioni sahani zilirudishwa palepale, na kila mama alijua yake. Ikirudi tupu, mwana yu mzima na anakula. Ikirudi na makombo, mama hana raha. Isiporudi kabisa, haambiwi kitu wala hana ruhusa ya kuuliza, mpaka siku kumbi itakapochomwa moto na watoto kutoka, ndipo atakapoona wa kwake hayumo. Muda wote huo alitakiwa asiache moto wa jikoni kwake uzimike. Nimezeeka sasa na nimesikia wasomi wakizisifu mila zetu kwenye redio. Huwa nawasikiliza mpaka mwisho, nikingoja waifikie sahani, na hawaifikii.

Aliyenilea kumbini, kungwi wangu, alikuwa mjomba Dadi, mdogo wake mama, kijana mrefu mwenye sauti ya chini ambaye hata akikaripia utadhani anaomba radhi. Wiki ya tatu alitutuma kutega panya. Nilijitenga na wenzangu, nikanyemelea hadi penye ua wa mianzi uliozunguka bustani moja karibu na njia panda. Nilitaka kumwona mama. Sina maelezo mengine. Nilimwona mgongo tu. Aliinama, akaweka sahani chini, akaizungusha kidogo ikae sawa kana kwamba kuna mgeni atakayeikagua, akaenda zake. Nilipogeuka kukimbia nikakanyaga kisiki cha mwanzi uliokatwa mshazari. Kiliingia karibu na kisigino cha mguu wa kushoto, na nilipouvuta mguu nilisikia kitu kinakatikia ndani. Sikulia. Nilikaa nikaubana unyayo kwa mikono miwili mpaka damu ikapungua, na jioni nilimwambia mjomba kuwa nimechomwa na mwiba na nimekwisha kuutoa. Ningemwambia ni mwanzi, angeuliza mianzi nimeiona wapi, na huko nilifuata nini.

Siku mbili za kwanza nilikanyagia vidole na nikaweza kuwadanganya watu. Siku ya tatu unyayo ulijaa na ngozi yake ikaanza kung'aa. Siku ya nne mtoki ulinitoka kwenye nyonga, homa ikapanda, na ngariba akanifunga majani ya mbono yaliyobabuliwa motoni, akasema usaha utavutwa utoke. Haukutoka. Chakula kilinishinda. Mjomba Dadi alikaa mbele yangu, akala ugali wangu tonge baada ya tonge huku akinitazama, hata kisamvu akakikomba kwa kidole, ili sahani irudi tupu. Asubuhi ya siku ya sita aliona mstari mwekundu unapanda kutoka kwenye kifundo. Akachukua kipande cha mkaa, akanichora alama mguuni mahali mstari ulipoishia. Hakusema kitu, akatoka. Nilibaki nimelala chali nikiitazama alama ile kwa mbali, na kila nilipoinua kichwa niliona wekundu umeipita kidogo, kisha umeipita zaidi. Nilijua kwa nini naumwa. Nilimwangalia mwanamke njia panda, nami sasa nalipishwa. Niliogopa kufa, na niliogopa zaidi kwamba mjomba angejua sababu kabla sijafa.

Ukuta wa majani hauzuii maneno. Alasiri niliwasikia nje, ngariba, mjomba, na mzee mkuu wa kumbi ambaye sisi watoto hatukuthubutu kumtaja jina.

"Kumbi haijafungwa," ngariba alisema. "Akipelekwa zahanati atapita kwa wanawake."

"Nilimchora mkaa asubuhi," mjomba alisema. "Njooni mwone alama ilipo, na mguu ulipo."

"Dawa haijafanya kazi bado. Ngoja kesho."

"Kesho utamtibu nani?"

Kisha mzee mkuu akauliza taratibu, "Na akikufia njiani, Dadi, dada yako utamwambia nini?"

"Kumbini sina dada," mjomba alijibu. Mzee akaguna. Nilisikia akipiga ugoro, akipenga, akikohoa, na katika muda ule mimi ndani nilikuwa nimeshika mti wa kibanda kwa mkono mmoja kama vile mtu anataka kuninyang'anya. Hatimaye alisema, "Basi afunikwe. Afunikwe gubigubi, asionekane, asisikike." Akainama mlangoni, akaniita kwa jina langu la kumbini. "Umesikia, mwanangu? Usikohoe, usigune. Ukipita kwa mama zako, wewe huna ulimi."

Walinilaza kwenye kitanda cha kamba, wakanifunika shuka ya mjomba kuanzia kichwani. Shuka ilikuwa fupi. Mguu mbovu ulikuwa umeviringishwa majani na kitambaa, wala haukuonekana kuwa mguu. Ule mzima ulibaki nje, na nilihisi jua kwenye vidole vyake muda wote wa safari. Wanaume wanne walinibeba. Njia ya bondeni ilikuwa bado tope, kwa hiyo ilibidi kupita katikati ya kijiji, na wa tano akatangulia akitoa ule ukelele wa kuwaonya wanawake wageuze nyuso. Chini ya shuka kulikuwa na mwanga wa njano na harufu ya mjomba. Niliweza kusikia kila kitu. Nilisikia kuku, nilisikia mlango ukibamizwa, nilisikia vicheko vikikatika. Kisha nikasikia vinu. Nilivijua ni vinu vya wapi, maana upande ule wa kijiji wanawake walitwanga pamoja nyuma ya nyumba yetu. Ukelele ulipowafikia, mchi mmoja ulinyamaza, wa pili ukanyamaza, na wa tatu uliendelea mara mbili tatu peke yake, kisha nao ukakoma. Nyayo za wabebaji ziliongeza mwendo.

"Ni wa nani?"

Ilikuwa sauti ya mama. Haikuwa ya juu. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Hakuna aliyemjibu.

"Jamani, ni wa nani?"

Kitanda kiliyumba upande wa kichwani, upande aliokuwa mjomba. Nilisikia pumzi yake juu yangu. Tulikuwa tumempita mama tayari, maana sauti ilitokea upande wa miguuni.

"Dadi," alisema mama. "Ni wa nani?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa neno moja, fupi, *wako*, na nilikuwa na nguvu ya kulisema, nataka ieleweke hivyo. Homa haikuwa imeninyamazisha. Niliiuma shuka kwa meno nikanyamaza, kwa sababu nilikwisha kujiua mwenyewe kwa kuangalia, na nikisema sasa nitamuua na yeye. Mjomba naye hakusema. Tulikwenda, na nyuma yetu sikusikia kilio wala mchi.

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na dresa mmoja, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alifungua majani, akanusa, akayatupa nje ya dirisha. Alinichoma sindano aliyokuwa nayo, akauliza maswali mawili, akaitazama alama ya mkaa na wekundu uliokuwa sasa umelikaribia goti. "Nani amechora hapa?" Mjomba alisema ni yeye. "Umefanya jambo la maana kuliko dawa zenu zote," dresa alisema. "Huyu apelekwe Mtwara leo. Msimrudishe porini kumjadili." Lori la mfanyabiashara lililokuwa likipakia mpunga lilikuwa bado kijijini, na dresa alikwenda mwenyewe kusimama mbele yake. Nililazwa juu ya magunia, nimefunikwa vilevile, mjomba amenishika mabegani. Kila shimo la barabara liliingia mguuni na kutokea kichwani. Nakumbuka niliwaza kwamba kama nitakufa mjomba hatajua, kwa jinsi nilivyofunikwa, na atafika Mtwara ameshika mtu aliyekufa. Nikawa nanyoosha mkono kila mara kumgusa goti ili ajue bado nipo.

Wodi ya hospitali ilikuwa na dari ya juu na vitanda vya chuma vilivyopakwa rangi nyeupe. Mjomba aliambiwa asubiri nje hadi saa ya kutazama wagonjwa, na aliyekuja kunifunua alikuwa mwanamke. Ndicho kitu ambacho hakuna aliyekifikiria, si ngariba, si mzee mkuu, si mjomba. Hospitali ina wauguzi. Alikuwa mtu wa bara, mnene, mweupe kiasi, na Kiswahili chake kilinyooka kama cha kitabu; wagonjwa walimwita Sista. Alivuta shuka, akaniona uso mzima. Nilijifunika kwa mikono nikajikunja ukutani nikisubiri kufa, na alidhani ni maumivu.

"Nini kilikuchoma, mtoto mzuri?"

Nikanyamaza.

"Unaelewa Kiswahili? Nionyeshe kwa kidole."

Nikafumba macho. Aliuliza tena na tena, siku ile na siku iliyofuata, akijaribu kwa mikono, kwa kuchora, hata kwa kuchechemea mbele yangu kitanda hadi kitanda, wagonjwa wakacheka. Mwishoni nilimsikia akimwambia mwenzake, "Masikini, huyu ni bubu." Kwenye kitanda kilichofuata changu alilala mtu wa ng'ambo, Mmakonde wa upande wa Wareno, aliyekanyaga kitu kilichozikwa njiani akaja akakatwa mguu chini ya goti. Alikuwa mchangamfu, na uchangamfu wake ulinitisha kuliko angelia. Alikipigapiga kile kigutu kama mtu anayembembeleza mtoto, akaniambia kwa Kimakonde nisiogope, msumeno wa hapa ni mkali, haukawii.

Walinitumbua, usaha ukatoka, homa ikashuka nusu siku, ikarudi juu. Saa ya kutazama wagonjwa mjomba alisimama miguuni pangu, naye Sista akaja kumwambia, akidhani mimi bubu ni kiziwi pia. "Daktari anasema tukiona hali hii hii kesho asubuhi, mguu utaondolewa juu ya goti. Tukichelewa zaidi ya hapo tutampoteza mtoto. Una hakika hakuna kitu ndani?"

"Alisema ni mwiba, na aliutoa," mjomba alisema.

"Alisema?" Sista alishangaa. "Kwani anasema?"

Mjomba alinitazama, kisha akatazama chini. Angeweza kumweleza, lakini mambo ya kumbi hayaelezwi kwa mwanamke, na yeye pia alikuwa mtu mwenye hofu zake. Alisema tu, "Alisema zamani." Kengele ikalia, akatoka.

Mchana ule Sista alikuja na uji. Alinikalisha, akanilisha kijiko kwa kijiko, akapuliza kila kijiko kabla hajanipa. Nilimtazama mdomo wake ukipuliza. Nilikuwa nimefikiri sana, kwa jinsi mtoto mwenye homa anavyofikiri. Nikawaza kwamba huyu si mama yangu. Labda sauti yangu haitamfanya kitu. Na labda itamfanya, lakini simjui. Ndiyo, niliwaza hivyo, na nimeapa kuandika kweli. Nilipima mguu wangu na maisha ya mwanamke aliyekuwa akinipulizia uji, nikachagua mguu wangu.

"Kuna mwanzi," nilisema.

Kijiko kilisimama. Hakupiga kelele. Alikiweka bakulini, bakuli akaliweka sakafuni. "Uko wapi?"

"Ndani. Ulivunjika."

Waliupata jioni ile ile, kibanzi cheusi urefu wa pingili ya kidole, kimejificha nyuma ya mfupa. Sista alikileta kwenye kisahani ili nikione, nami sikukitazama kibanzi, nilimtazama yeye, kuona kama anaanza kuanguka. Siku tatu nilimchunguza. Alipokohoa nilishtuka. Homa ikashuka, wekundu ukarudi chini ya alama ya mkaa, na Sista aliendelea kuwa mnene na kupita na toroli lake la dawa. Hapo hofu yangu ikapata pa kwenda. Ikiwa huyu hakufa, basi pengine na mama asingekufa. Sauti niliyomnyima mama nilimpa mtu nisiyemjua, kwa ajili ya uji.

Mama alikuja baada ya wiki nne, siku moja baada ya kumbi kuchomwa na wazee kumwambia nilipo. Nilimwona mlangoni mwa wodi kabla hajaniona. Alikuwa amekonda, amebeba kifurushi cha jani la mgomba, na alikuwa akisoma nyuso za wagonjwa kitanda baada ya kitanda. Alipofika kwangu hakunikumbatia. Alikaa miguuni. Mguu wa kushoto ulikuwa na bendeji, naye akauacha, akaushika ule mzima, akawa anavishika vidole vyake kimoja kimoja. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilidhani anaogopa kunitonesha.

"Ulinisikia?" aliniuliza.

"Wapi, mama?"

"Siku ile. Kwenye vinu."

Nilimtazama. Ningeweza kumwambia. Alikuwa hai, nilikuwa hai, kumbi imekuwa majivu. "Hapana, mama," nilisema. "Nilikuwa sijitambui."

"Haya," alisema. Hakuviachia vidole vyangu. Kisha akafungua jani la mgomba. "Leo mboga nimeitia chumvi."

Niliporudi Mahurunga ndipo nilipojua yote, maana kijijini hakuna kinachofichika ila kile kilichokatazwa. Siku nilipobebwa hakuna aliyekula chakula changu, mjomba alikuwa Mtwara nami, na sahani yenye ua haikurudi. Wanawake waliunganisha kitanda kilichofunikwa na sahani isiyorudi, wakaja kukaa kwa mama. Walilia kwa kufumba midomo, kwa sababu mwari haruhusiwi kuliliwa. Walimwambia azime moto. Mama akakataa. Kesho yake akapika, akaweka ugali kwenye sahani nyingine, akaupeleka njia panda. Wanaume wa kumbi hawakujua la kufanya. Kuirudisha tupu ni kusema mtoto amekula, na mtoto hayupo. Kusema hayupo nako kumekatazwa. Wakaiweka pembeni. Siku ya tatu akapeleka kwenye bakuli la mti, siku ya nne kwenye kifuniko cha sufuria, na vyombo vilipomwishia akapeleka kwenye jani la mgomba, kila siku, mpaka kumbi ilipofungwa na akakabidhiwa vyombo vyake vyote vimepangwa, vimeoshwa. Watu walisema uchungu umemvuruga akili. Walisema kwa huruma, na baadaye kwa utani, lakini walisema.

Ndivyo nilivyoishi na jambo hilo. Niliamini kwamba kwa kunyamaza kwangu nilimtia mama wazimu mwezi mzima, apikie maiti. Nilipata kazi bandarini, nikaoa, nikazaa, na kila Idi nilipokwenda kumtazama nilijiahidi kumwambia kwamba nilisikia mara zote tatu. Nikifika, ananiuliza habari za watoto, ananiwekea chakula chenye chumvi ya kutosha watu wawili, jua linapinda, naondoka. Mwaka jana nilishika jeneza lake upande wa kichwani, mahali alipokuwa mjomba siku ile, na hata hapo niliona haya kusema, kwa kuwa watu walikuwepo.

Nilimwambia mama mdogo Somoe, palepale jikoni, sahani mapajani. Sijui kwa nini yeye. Labda kwa kuwa amebaki peke yake wa kuambiwa. Nilimwambia kwamba sikuwa nimezimia, kwamba nilimsikia mama na sikumjibu, na kwamba yale ya sahani yalikuwa makosa yangu.

Alinitazama kama mtu aliyeletewa bidhaa aliyo nayo. "Anajua," alisema.

"Nani?"

"Mama yako. Anajua tangu siku ileile. Nilikuwa naye kwenye kinu. Sote tuligeuka, yeye hakugeuka. Aliangalia." Alishusha sauti, ijapokuwa hapakuwa na mtu, na waliokataza walikwisha kufa wote. "Aliuliza mara mbili, hakuna kitu. Alipomwita Dadi, akaona mguu uliokuwa nje umekunja vidole. Akanishika mkono, akaniambia, Somoe, yu hai, amenisikia. Akaniapisha. Mwanamke aliyemwona mwari, unajua mwenyewe kinachosemwa. Aliogopa kuwa kakuua kwa macho yake. Sisi tulilia. Yeye hakulia hata siku moja, alikuwa anachochea moto tu na kupika. Sasa aseme nini, na kusema ni kukiri kuwa alikuangalia?"

Nje watu walikuwa wakipakia majamvi kwenye bajaji, wakibishana jinsi ya kuyafunga. Nikakumbuka mkono wa mama kwenye mguu mzima, na swali lake, na jibu langu, na jinsi alivyolipokea.

"Mguu upi?" nilimwuliza mama mdogo, ingawa nilijua.

"Wa kulia."

Nikavua kiatu, nikavua soksi, nikaunyoosha mguu wangu wa kizee juu ya mkeka kati ya vyombo vya mama, nikakunja vidole.

Mama mdogo aliutazama kwa muda.

"Hivyohivyo," alisema.